Mbuzi aliyekula jibu

Ijumaa moja, kengele ya mwisho imeshalia, nilitoka nyuma ya maabara kumwaga maji ya kuoshea bika. Mbuzi alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo la takataka, anatafuna.

Mbuzi shuleni kwetu si habari. Huingia kwenye pengo la ua upande wa jikoni, wakala maganda ya viazi, wakafukuzwa, kesho yake wakarudi. Nilikuwa nimeshaokota jiwe la kumtishia ndipo nikaona alichokuwa nacho mdomoni. Kilikuwa unga wa kahawia iliyokolea, umelowa, na kipande cha karatasi nyeupe ya chujio kilikuwa kinaning'inia kando ya mdomo wake.

Karatasi ile niliijua. Niliitupa mimi, asubuhi ile ile.

Mimi si mwalimu, ingawa wanafunzi huniita hivyo. Ni fundi wa maabara katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Natayarisha kemikali, naosha vyombo, nahakikisha hakuna anayejichoma. Kutupa mabaki mahali panapostahili ni sehemu ya kazi hiyo. Naandika haya kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni wiki saba sasa, kama mwiba wa ngege: hautoki kwa ugali wala kwa maji.

Njano iliyopotea

Ilianza na wasichana wawili wa kidato cha tatu waliokuwa wanatafuta mradi wa mashindano ya sayansi. Walikuwa wamesoma mahali kwamba maganda ya ndizi hutoa metali nzito kwenye maji. Nami nilikuwa na habari hiyo. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil walitumia maganda ya ndizi yaliyosagwa kunasa shaba na risasi kwenye maji ya mto Paraná, na maganda yale yale wakayatumia tena na tena, hadi mara 11, kabla hayajachoka.

Kwetu ndizi si kitu cha kutafuta kwa tochi. Mama mwenye kibanda cha matoke karibu na shule alitujazia ndoo nzima ya maganda, akashukuru kupunguziwa mzigo. Wasichana wakayaanika juu ya mabati siku nne, wakayatwanga kwenye kinu, wakayachekecha. Maji ya kwanza ya kuoshea unga ule yalitoka rangi ya turungi. Ya pili vilevile. Waliosha mara sita hadi yakaanza kutoka meupe, na hapo nikajua hawa wana subira kunishinda.

Kisha wakayeyusha nusu gramu ya naitreti ya risasi katika lita moja ya maji. Aliyepitia somo la Kemia nchini hii anajua kinachofuata. Dondosha potasiamu iodidi kwenye maji yenye risasi, na mashapo ya njano yanaibuka hapo hapo, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Hakuna jaribio linalopendwa maabarani kama hilo.

Bika ya kwanza, njano.

Wakachukua maji yale yale, wakayakoroga na gramu 100 za unga wa maganda kwa saa nzima, wakachuja, wakadondosha matone. Hakuna kitu. Maji yalibaki maji.

Darasa lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Risasi ipi?

Wasichana waliandika bango la mazoezi kwa Kiswahili ili hata wafanyakazi waelewe: KUONDOA RISASI MAJINI KWA MAGANDA YA NDIZI. Soja wa langoni alilisoma polepole, akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni polisi waliozitupa mtoni?"

Tulicheka. Lakini Kisumu mtu akisikia neno risasi, linalomjia kwanza ni mlio, na ana sababu zake. Ilibidi nimweleze kwa vitu anavyovijua. Ile metali laini ya kijivu, nzito kuliko ukubwa wake, iliyo ndani ya betri ya gari. Ile ya kutengenezea chubwi za nyavu.

"Aa, hiyo!" akasema. "Hiyo ndugu yangu huyeyusha."

Nduguye ana kibanda cha betri upande wa Kibuye. Betri zilizokufa huzipasua, akamwaga maji yake, akayeyusha vipande kwenye sufuria juu ya makaa, kisha akamimina kwenye vibati vya kutengenezea chubwi na kuwauzia wavuvi. Nilimuuliza maji ya betri huyamwaga wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mvua inanyeshea wapi.

"Mtaroni."

Sina haja ya kueleza risasi hufanya nini kwenye ubongo wa mtoto. Habari za Owino Uhuru kule Mombasa, kijiji kilichotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, sote tumezisikia, pamoja na fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliyoamuliwa na mahakama mwaka 2020. Nitataja tu lile ambalo watu wazima bado hubishana nami juu yake. Kuchemsha hakutoi risasi. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki kwenye sufuria, na kikombe kinachobaki kina risasi nyingi kuliko kile cha mwanzo. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu, na risasi haina uhai wa kuuawa.

Ndiyo maana maganda yalitusisimua. Kitu cha bure, kinachofanya kazi ambayo moto hauiwezi.

Kishona nguo

Nilimfukuza yule mbuzi hadi pengo la ua, akapita. Nilirudi shimoni nikachungulia. Alikuwa ameparura juu juu tu. Mdomo mmoja, labda miwili.

Usiku ule nilipiga hesabu kwenye bahasha ya bili ya stima. Katika nusu gramu ya naitreti ya risasi mna karibu miligramu 310 za risasi yenyewe. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, na shirika hilo hilo linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Nikagawanya. Risasi tuliyoichezea kwenye bika moja ingetosha kufikisha kwenye kikomo lita 31,000 za maji. Hayo ni matangi matatu ya lita 10,000, na bado unabakiwa na ya kufulia.

Yote ilikuwa imekaa kwenye rundo la maganda nyuma ya maabara, nami nilikuwa nimepiga makofi.

Haya niliyajua, na hilo ndilo lililoniudhi. Ukuta wa kila chembe ya mmea, iwe ganda la ndizi, makapi ya mpunga wa Ahero au unga wa mbao, umejengwa kwa selulosi, mara nyingi pamoja na lignini, na maganda ya matunda yana pektini kwa wingi. Kuta hizo zina sehemu ndogo ndogo zenye chaji hasi. Risasi ikiyeyuka majini huwa na chaji chanya. Inapita karibu, inanaswa, inamsukuma kalisiamu au haidrojeni aliyekuwa amekalia pale, basi. Ni kubadilishana viti tu.

Ukikatiza shamba lililolala, suruali inajaa kishona nguo. Suruali haijazila mbegu zile wala haijaziua. Imezibeba. Ukifika nyumbani unaketi kizingitini unazichomoa moja moja, na unapozitupa ndipo zitakapoota.

Sisi tulizichomoa tukazitupa mlangoni.

Siku tisa

Mbuzi yule ni wa mama mmoja anayeuza mboga nje ya lango letu. Nilimjua mwenyewe Ijumaa ile ile, kwa kamba nyekundu ya shingoni.

Nilikaa siku tisa kabla ya kumwambia.

Nina sababu za kila siku kati ya hizo tisa, na zote ni mbovu. Mbuzi alikuwa mzima, nilimwona kila asubuhi. Alikula kidogo. Pengine maganda yameikamata risasi barabara, nikajiambia, yatapita tumboni nayo na kutoka nayo. Hii ya mwisho ilinifariji hadi Jumatano, nikaamua kuijaribu.

Nilibakiwa na konzi mbili za maganda yaliyotumika, kwenye mfuko. Nikayalowesha katika asidi ya naitriki iliyozimuliwa sana (haidrokloriki ingenichanganya, kwa kuwa yenyewe na risasi huleta mashapo meupe). Nikatikisa, nikaacha nusu saa, nikachuja. Nikadondosha iodidi.

Njano.

Kumbe ni yale yale ya viti. Asidi ina haidrojeni tele, na haidrojeni wakija kwa wingi wanarudi kukalia viti vyao, risasi inashushwa. Ni kama matatu inayojaa tangu stejini. Wewe uliyesimama njiani hupandi, na aliyekuwa amepanda hajalipa anateremshwa. Wale watafiti wa maganda hutegemea jambo hilo hilo wanapotaka kuyaosha wayatumie tena.

Niliwaita wasichana waone. Mmoja akashika mdomo. Mwingine, yule mrefu asiyesema sana, aliitazama neli kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, tumbo la mbuzi halina asidi?"

Lina. Mbuzi ana tumbo la vyumba vinne, na cha nne kina asidi kama la kwangu.

Jumapili jioni nikaenda kwa mama.

"Karibu mwanangu. Leo sukuma ya ngapi?"

Nikamweleza. Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye ndizi. Alinisikiliza huku kisu kikiendelea kukata sukuma, nyembamba, nyembamba, bila kuangalia mkono.

"Alikula kiasi gani?"

"Mdomo mmoja, mama. Labda miwili."

"Na yuko na ndama?" Akajijibu mwenyewe, akicheka kidogo kwa kumwita mtoto wa mbuzi ndama. "Ananyonyesha huyo. Na mimi namkamua. Chai ya mjukuu wangu ni yeye."

Risasi hupita kwenye maziwa. Nikamwambia amwage maziwa kwa muda, na maziwa ya mtoto nitayaleta mimi. Akauliza kwa siku ngapi. Sikuwa na jibu la siku. Risasi hukaa mifupani kama deni la duka, inatoka kidogo kidogo, haina haraka. Nikasema tuanze na mwezi. Tumeshaupita, na bado kila asubuhi nafika langoni na pakiti mbili.

Nilitarajia anifokee. Hakunifokea. Alifunga sukuma kwenye gazeti, akanipa, akakataa pesa, ndipo akauliza lile ambalo hakuna aliyeliuliza maabarani, si mwalimu wa somo, si mimi.

"Na hayo maganda mengine yako wapi?"

Nilirudi shuleni giza likiingia. Nikavaa glavu, nikashuka shimoni na ndoo na tochi ya simu.

Kitu kingine kuhusu ile njano

Kabla sijaendelea, nikiri kosa la pili, ambalo kama si mbuzi nisingelitazama.

Lile jaribio la njano ni kipofu. Iodidi ya risasi huyeyuka kidogo majini, kwa hiyo njano haionekani mpaka risasi iwe nyingi. Kwa matone machache kama tuliyotumia, maji yanaweza kubeba risasi mara mia kadhaa ya kikomo cha WHO na yasionyeshe hata kivuli cha rangi. Maji yetu "safi" yaliyopigiwa makofi huenda yasingefaa kumnywesha hata yule mbuzi. Macho yetu yalikuwa yamekoma kuona, tukadhani kitu kimekoma kuwapo.

Niliwaambia wasichana waandike hilo kwenye bango. Waliliandika kwa herufi kubwa kuliko kichwa.

Ndevu za gugumaji

Swali la mama nilitembea nalo hadi Dunga, maana Jumamosi nyingi huenda kule kula samaki na kutazama ziwa. Upepo ulikuwa umeleta gugumaji hadi ufukoni. Mashua zilikuwa zimekwama kama nzi kwenye uji.

Hili gugu lilitoka Amerika ya Kusini, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hakuna mtu wa Kisumu anayehitaji kusimuliwa yaliyofuata. Lakini ulinyanyue shina moja utazame chini. Mizizi inaning'inia kama ndevu nyeusi za mzee. Ndevu hizo hufanya kazi ile ile ya maganda yetu, na zaidi, kwa kuwa ziko hai: hunasa metali na kuzivuta ndani, na metali nyingi hubakia mizizini kuliko majanini. Miaka zaidi ya 30 tumekuwa na chujio la bure, la kujiotea, linaelea Ghuba la Winam.

Chujio ambalo hakuna anayelitoa.

Gugumaji likifa, linazama. Linaoza kwenye tope la chini, na kile lilichokinywa linakirudisha. Na likitolewa? Hapo ndipo nilipoketi kwenye ukingo wa mashua nikasahau samaki wangu. Linatupwa ufukoni likauke. Linatiwa mtamboni litoe gesi, na ujiuji unaobaki unapelekwa mashambani. Linageuzwa mbolea. Mwaka jana nilibeba magunia mawili ya mbolea hiyo kutoka kwa jirani, nikaitia kwenye bustani yangu ya sukuma, nikajisifu kwa kila mgeni.

Sisemi mbolea ya gugumaji ni sumu. Itategemea limeng'olewa wapi. Lililokulia katikati ya ghuba si sawa na lililokulia mdomoni mwa mto Kisat, ambao unapitia eneo la viwanda na mtambo wa majitaka. Na viti wanavyosuka kwa mashina yake sina shaka navyo, nimekikalia kimoja sasa hivi nikiandika. Ila nilipomrudia jirani kumuuliza magunia yale yalitoka ufuko gani, alinijibu, "Ziwani."

Sukuma ya msimu huu sijaila. Naiangalia tu ikinenepa.

Mtungi wa shangazi

Habari za mradi zilifika mtaa wa Manyatta kabla yangu. Shangazi yangu ana kisima uani, na kisima chake ni fahari yake. Majirani huchota kwa shilingi chache. Akanipigia simu.

"Watoto wa watu umewafundisha kusafisha maji. Mimi damu yako nimekosa nini?"

Alitaka maganda ya kutia kwenye mtungi. Nikamwambia ngoja kwanza tujue kama kisima kina risasi. Nilichota sampuli, nikaitia tone la asidi ili metali isijibandike kwenye chupa, nikaipeleka kupimwa kwa mashine inayoona kile ambacho iodidi haioni. Chupa ya pili, bila asidi, ikaenda kwa vijidudu. Malipo yalinikamua vya kutosha.

Risasi ilikuwa chini ya kikomo. Vijidudu vya kinyesi vilikuwa tele. Vyoo viwili vya shimo viko hatua chache kutoka kisimani, upande wa juu wa mteremko, na Manyatta hilo si la shangazi peke yake.

Sasa fikiria ningempa maganda. Ganda la ndizi ni chakula. Wasichana waliacha chupa moja ya maganda na maji ya mfereji dirishani. Siku ya tatu ilikuwa inanuka kama mtungi wa busaa uliosahaulika. Ningekuwa nimechukua maji yenye tatizo moja, nikayatilia shibe ya tatizo hilo hilo.

Nikamwambia: chemsha, au tia klorini.

"Maneno hayo nimeyasikia tangu enzi za Moi," akasema. Alivunjika moyo kweli, nikamwonea huruma. Kisha akanikumbusha mlonge. Mbona mbegu za mlonge watu hutumia?

Yuko sahihi. Wanawake wa Sudan wamezitumia mbegu za mlonge tangu zamani kutuliza maji machafu ya Naili. Mbegu ina protini yenye chaji chanya, inayokusanya chembe za tope hadi zizame, na metali iliyoshikamana na tope inazama nalo. Lakini hata mlonge huacha mabaki yake majini, na maji hayo ni ya kunywa leo, si ya kuweka. Na lile tope la chini ya ndoo, shangazi, utalimwaga wapi?

"Kwenye mgomba," akasema bila kusita.

Sikusema kitu. Nilifikiria maganda ya ndizi za mgomba huo.

Walioniuliza wengine

Shemeji yangu wa Nakuru aliuliza kama maganda yatasaidia meno ya watoto wake, yanayoingia kahawia. Hayatasaidia. Kule shida ni floridi inayotoka kwenye miamba ya Bonde la Ufa, na floridi ina chaji hasi kama ganda lenyewe, wanasukumana. Nakuru wamekuwa wakitumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, na hiyo ndiyo njia ya kufuata. Aseniki nayo, na ile kromiamu ya rangi ya machungwa, majini mara nyingi hutembea na chaji hasi, kwa hiyo ganda tupu haliwapati kwa njia hii. Anayekuuzia unga wa mmea "unaotoa sumu zote" muulize chaji gani.

Binamu yangu yuko machimboni Migori. Yeye aliuliza kuhusu zebaki. Nilimwambia aache maganda kabisa, atazame lile jiko wanaloweka donge la dhahabu na zebaki ichomeke. Mvuke ule unaingia puani moja kwa moja. Hakuna ganda la kuchuja hewa ya jioni kwenye boma la mchimbaji, na watoto wamekaa kuzunguka moto.

Kibanda cha betri

Mtu mmoja tu nilidhani maganda yangemfaa: ndugu ya soja. Maji yake ni kidogo, labda ndoo mbili kwa siku, machafu kupindukia, na yanatoka mahali pamoja. Hapo ndipo mahali pa vitu hivi, nikawaza, penye mdomo wa uchafu, kabla haujaenea hadi kwenye mtungi wa mtu.

Tulienda naye Jumamosi, mimi na wale wasichana wawili. Nilikuwa nimesahau somo langu mwenyewe. Maji ya betri ni asidi tupu. Tulitia maganda kwenye ndoo ya kwanza na nilijua hata kabla ya kuchuja. Viti vyote vilikuwa vimeshakaliwa. Ilibidi kwanza tutie chokaa hadi ukali upungue, na chokaa yenyewe ikaishusha risasi nyingi ndani ya uji mweupe chini ya ndoo. Maganda yalibakiwa na makombo.

Fundi alitutazama akiwa ameegemea nguzo.

"Kwa hivyo chokaa ndiyo imefanya kazi."

"Nyingi, ndiyo."

"Na huo uji?"

Huo una risasi, nikamwambia. Uweke kwenye pipa, uukabidhi pamoja na mabaki ya betri kwa wale wenye leseni ya kuyeyusha. Akauliza kama wanaununua kwa kilo. Sikujua. Akasema atauliza, na kwamba pipa lipo. Nilipopita wiki iliyofuata, pipa lilikuwa na maji ya betri hadi nusu, bila chokaa, bila maganda. Lakini mtaro ulikuwa mkavu. Sijui nihesabuje.

Kabati la chini

Wasichana hawakushinda. Jaji mmoja aliwasifu kwa uaminifu, mwingine akasema bango lina maneno mengi. Walikuwa wameongeza sehemu mwishoni, iliyoitwa MAGANDA YAKO WAPI?, na picha ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko.

Ndoo hiyo iko kwenye kabati la chini la maabara, nyuma ya mizani mbovu. Ndani yake ni kila kitu nilichokikwangua shimoni usiku ule, pamoja na udongo wa chini yake, na nimebandika karatasi: RISASI. USITUPE. Nimeandika barua mbili kuuliza ni nani huchukua kitu kama hiki, na nimepata simu moja iliyonitaka niandike barua. Kuichoma ni kuipandisha hewani na kuacha nyingine kwenye majivu. Kuizika ni kumwachia atakayechimba choo.

Juzi, mwanafunzi mgeni aliyekuwa akifagia alilifungua kabati, akasoma karatasi, akaruka nyuma akidhani ni silaha. Nilimweleza, nikaanzia kwenye ndizi. Aliponielewa akauliza itakaa hapo hadi lini.

Nimebakisha miaka sita kustaafu. Ufunguo wa kabati lile nautembeza kwenye mkufu mmoja na wa nyumbani.

Mbuzi yuko. Mtoto wake amekua, na amelijua pengo la ua.